Megawati za Rufiji na Taa ya Arusha

Tangu mtambo wa tisa wa Bwawa la Julius Nyerere ulipokamilika mwaka 2025, neno moja limekuwa likirudiwa maofisini, katika vyumba vya walimu na ndani ya mabasi kila linapozungumzwa jambo la umeme. Neno hilo ni ziada. Bwawa lile peke yake lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, yaani mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na wakati linakamilika mahitaji ya juu kabisa ya nchi nzima yalikuwa bado hayajafikia kiasi hicho. Ukijumlisha Kidatu, Mtera, Kihansi, Pangani na mitambo ya gesi asilia ya Dar es Salaam, uwezo wa mitambo yote umepita megawati 4,000. Kwa hiyo mwananchi wa Moshi au wa Arusha alipoisikia Serikali mwezi Machi 2025 ikieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, alikuwa na haki ya kushangaa. Mwenye ghala lililojaa mahindi huendaje kununua unga kwa jirani?

Wako waliolijibu swali hilo kwa hasira, wakisema kwamba kununua umeme nje ni kulidharau bwawa lililojengwa kwa fedha za wananchi wenyewe. Wako pia waliosema kwamba mambo ya kitaalamu yaachiwe wataalamu. Jibu la kwanza halina hesabu ndani yake, na la pili halina heshima. Mtumishi wa umma anayetakiwa kuwaeleza wananchi katika mkutano wa kata hawezi kusimama juu ya lolote kati ya hayo mawili, wala mwalimu wa fizikia ambaye wanafunzi wake wamesoma gazeti na kumwuliza. Hapana budi jambo lenyewe litazamwe lilivyo.

Kwanza ni lazima tuukatae ule mfano wa ghala. Umeme wa gridi si mahindi. Huzalishwa na kutumiwa katika nukta ileile, na kinachoweza kuwekwa akiba bwawani ni maji, si umeme. Ziada iliyoko Rufiji ni ziada ya Rufiji. Haiwi ziada ya Arusha mpaka iwepo njia ya kuifikisha huko, tena njia yenye nguvu ya kutosha. Na kila njia hutoza ushuru wake. Waya una ukinzani, na mwalimu anajua kwamba umeme unaopotea njiani kwa kugeuka joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Ndiyo maana msongo hupandishwa kabla umeme haujasafirishwa mbali: ukipandisha msongo maradufu, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile hupungua kwa nusu, na upotevu hushuka hadi robo. Tukichukua waya ulio sawa, umeme uliopandishwa hadi kilovolti 400 hupoteza chini ya theluthi moja ya kile ambacho ungepoteza katika kilovolti 220. Katika kilovolti 132 upotevu huzidi tena karibu mara tatu kuliko katika kilovolti 220. Hesabu hii inaweza kufanywa ubaoni na kidato cha nne, na ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya ugomvi wote.

Sasa tuufuate umeme wenyewe. Kutoka bwawani hadi Chalinze unakwenda kwa msongo wa kilovolti 400, mwendo wa kilometa kama 160. Hapo hakuna lawama. Lakini kutoka Chalinze kwenda kaskazini, njia iliyokuwepo wakati wa tangazo lile ni ya zamani, ya kilovolti 132, inayopita Hale na kuufuata ukanda wa Same hadi Kilimanjaro na Arusha. Njia nyingine ni ya kuzunguka: Morogoro, Iringa, Dodoma, Singida, kisha Babati na Arusha. Ile njia mpya ya kilovolti 400 ya kutoka Chalinze hadi Dodoma, yenye urefu wa kilometa 345, ilikuwa bado inajengwa. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumemaliza kuchimba kisima kikubwa kuliko vyote, na bomba la kwenda upande wa pili wa kijiji lilikuwa lilelile la babu. Upotevu wa kupeleka umeme kaskazini ulitajwa hadharani kuwa unagharimu shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Lakini hapa msomaji makini atatushika. Atauliza: je, Ethiopia si mbali zaidi kuliko Rufiji? Naam, ni mbali zaidi, na jambo hili lilistahili kuelezwa kwa utulivu tangu siku ya kwanza. Njia inayotoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ina urefu wa kilometa 1,045. Lakini ilijengwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu, kwa kilovolti 500, na upotevu wake kwa umbali huo ni mdogo kuliko ule wa njia ya kawaida. Kutoka Kenya, njia ya kilovolti 400 inaingia Namanga, inafika Arusha na kuendelea kupitia Babati hadi Singida. Njia hiyo inayotuunganisha na Kenya iliwashwa mwezi Desemba 2024. Basi mtu wa Arusha anafikiwa na barabara ya lami kutoka kaskazini, na kutoka kusini anafikiwa na njia ya makorongo. Umbali wa umeme haupimwi kwa kilometa peke yake. Hupimwa pia kwa msongo, kwa unene wa waya, na kwa idadi ya vituo vya kupoza umeme ambavyo lazima vipitwe.

Kwa hiyo mwandishi wa makala haya haoni aibu yoyote katika kununua umeme kwa jirani. Nchi zinazouziana umeme husaidiana siku ya ukame na siku ya mtambo kuharibika, na sisi wenyewe kwa miaka mingi tumeiwasha Bukoba kwa umeme wa Uganda bila ya mtu kuona kwamba uhuru wetu umepungua. Njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma itakapotuunganisha na Zambia, tutaweza kuuza kusini huku tukinunua kaskazini, na hesabu ikawa nzuri kwa pande zote. Kosa litakuwa pale ambapo ununuzi huo utatufanya tusahau kujiuliza swali kubwa zaidi: mitambo yetu ijayo tuijenge wapi?

Historia inatufundisha kwamba swali hilo halikuulizwa kwa namna moja nyakati zote. Wakoloni walipotega maporomoko ya mto Pangani, walikuwa wakiyatazama mashamba ya mkonge na mji wa Tanga. Mahitaji yalikuwa pale karibu, na mtambo ukawekwa karibu nayo. Hale, uliokamilika mwaka 1964 ukiwa na megawati 21, ulifuata mto uleule. Kidatu ulikuwa mwelekeo mpya. Ulipoanza mwaka 1975 ulikuwa mbali na Dar es Salaam uliokusudiwa kuilisha, na ikabidi ijengwe njia ya kilovolti 220 kupitia Morogoro hadi Ubungo. Katika miaka ya 1980 njia ya msongo huohuo ilisukumwa kwenda Iringa, Mufindi na Mbeya, na nyingine kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga na Mwanza. Hapo ndipo ilipozaliwa gridi ya Taifa kwa maana yake ya kweli: maji ya kusini mashariki yakawa taa ya Ziwa.

Ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini tazama ramani. Mtera na Kidatu iko kwenye mto Ruaha Mkuu. Kihansi uko kwenye mto unaoingia Kilombero. Ruaha na Kilombero yote humwaga maji yake Rufiji, na kwenye Rufiji ndiko lilikojengwa bwawa jipya. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya umeme wetu wa maji inategemea mvua ya bonde moja. Mvua hiyo ikikosekana, hakosi umeme mtu wa Morogoro peke yake; hukosa wa Musoma pia. Wananchi wanaikumbuka migawo ya mwaka 2006, ya mwaka 2011 na ya mwaka 2022. Bwawa la Julius Nyerere lina ziwa kubwa linaloweza kuvuka msimu mmoja mbaya, na hilo ni tofauti kubwa na zamani, ila kulirundika jambo lote katika bonde moja halafu kulisafirisha kwenda pande zote za nchi ni kubeba hatari mbili kwa wakati mmoja, ya maji na ya njia.

Ndipo tunapofika Singida. Ukitafuta mahali ambapo upepo na nyaya vimekutana, ni pale. Uti wa mgongo wa gridi, yaani njia ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga yenye urefu wa kilometa 670, unapita Singida. Njia ya kwenda Arusha na Namanga inaanzia Singida. Umeme utakaozalishwa pale una milango mitatu: Kanda ya Ziwa yenye migodi na viwanda vya samaki na pamba, Makao Makuu ya nchi, na hiyo Kanda ya Kaskazini inayosumbua vichwa vyetu. Na upepo wa nyanda za kati una fadhila nyingine. Kusi huvuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi, wakati mito inaposhuka. Mwezi ambao mwendesha mtambo wa Mtera anaangalia kina cha maji kwa wasiwasi ndio mwezi ambao mapanga ya Singida yangekuwa yanazunguka. Upepo na maji vikiendeshwa pamoja, bwawa huwa kama benki: siku ya upepo mwingi maji hubakizwa, siku ya utulivu hufunguliwa.

Jua nalo lina mahali pake. Mradi wa Kishapu, mkoani Shinyanga, uliopangwa kufikia megawati 150 na kuanza na awamu ya megawati 50, umewekwa mahali panapostahili, karibu na migodi na miji ya Ziwa, katika eneo lenye mvua chache na anga lililo wazi sehemu kubwa ya mwaka. Watu wengine wameubeza kwa udogo wake wakiulinganisha na megawati 2,115. Huo ni ulinganifu wa kitoto. Megawati moja iliyozalishwa Kishapu saa saba mchana na kutumika Kahama haikusafiri kutoka Rufiji, wala haikupotea njiani. Hata mitambo ya upepo ya Mwenga kule Mufindi, ambayo tangu mwaka 2020 inatoa megawati 2.4 tu, inaeleza jambo hilohilo: imewekwa pale watumiaji walipo.

Lakini tusije tukakimbilia kosa la upande wa pili. Upepo mzuri bila ya njia ni kelele tu, na majirani zetu wa Kenya walilipa karo ya somo hilo. Karibu na Ziwa Turkana walisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye jumla ya megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Njia ya kuupeleka umeme huo Suswa, ya zaidi ya kilometa 400, haikuwa tayari hadi mwaka 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika na mambo ya ardhi kuchelewesha nguzo. Kwa muda wote huo mapanga yalisimama jangwani, na kwa sababu mkataba uliandikwa hivyo, Serikali ya Kenya ililazimika kumlipa mwenye mitambo kwa umeme ambao haukumwashia mtu hata taa moja. Mwandishi wa mkataba wa Singida, awe nani, alibandike jambo hili ukutani mbele ya meza yake: nani atajenga njia, lini, na ikichelewa nani atalipa.

Upo mfano mwingine wa kale zaidi, na kwa watu wa rika letu una uchungu wake. Bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji lilijengwa na Wareno katika miaka ya vita vya ukombozi. Umeme wake haukukusudiwa kumwashia taa mtu wa Tete au wa Nampula. Ulitupwa kwa njia ya mkondo mnyoofu ya kilometa 1,420 hadi Apollo nchini Afrika Kusini, ukipita juu ya vijiji vyenye giza. Msumbiji ilipopata uhuru iliirithi mitambo ambayo nyaya zake zilielekea kwa mtu mwingine, na hadi mwaka 2007 haikuwa hata mwenye hisa kubwa. Anayechora njia ya umeme ndiye anayeamua nani atafaidi, na uamuzi huo hudumu kwa nusu karne, kwani nguzo za chuma hazihamishwi kila unapofanyika uchaguzi.

Suala la vijiji vilivyo chini ya nyaya lina uzito hapa kwetu pia, na watumishi wa wilaya wanalijua kwa sababu ndio wanaopokea malalamiko. Mwananchi amekatiwa migomba yake ili kupisha mkuza wa umeme, amesubiri fidia, kisha kila jioni anazitazama nyaya zikinguruma juu ya paa lake akiwa amewasha koroboi. Anauliza kwa nini asichomolewe waya mmoja tu. Ni lazima aelezwe ukweli: umeme wa kilovolti 400 hauwezi kuteremshwa kijijini kwa transfoma ya juu ya nguzo kama ule wa kilovolti 33. Unahitaji kituo cha kupoza umeme chenye gharama ya mabilioni, na kituo hicho hakiwezi kuwekwa kila baada ya kilometa tano. Huo ndio ukweli wa kitaalamu. Lakini ukweli huo haumalizi haki yake. Mradi wa njia kubwa unapopangwa, njia ndogo ya kilovolti 33 kwa vijiji vilivyotoa ardhi inaweza kupangwa na kugharimiwa ndani ya mradi huohuo, kutoka kwenye kituo kilicho karibu. Fedha zake ni kidogo mno zikilinganishwa na za nguzo kubwa. Ikiachwa kuwa mradi mwingine wa siku nyingine, siku hiyo huchelewa sana, na nguzo zinaanza kufunguliwa vyuma vyake na watu ambao hawaoni kwa nini wazilinde.

Wenzetu wa Zanzibar wana lao la kusema kuhusu kukaa mwishoni mwa waya mmoja. Tangu mwaka 1980 Unguja ilikuwa ikipata umeme wake kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 mfumo huo uliharibika, na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja. Mwezi Desemba mwaka 2009 ukaharibika tena, na safari hii umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, watu wakabeba ndoo, samaki wakaoza, hoteli zikaendeshwa kwa majenereta yaliyokula faida yote. Wakati wote huo Bara hakukuwa na upungufu wowote uliosababisha hali hiyo; megawati zilikuwepo, ng'ambo ya maji. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Ni vema, lakini waya wa pili bado ni waya. Unguja na Pemba zina jua, na mitambo ya jua iliyo kisiwani, pamoja na betri za kutosha kuendesha pampu na hospitali, ni bima ambayo haipimwi kwa bei ya uniti peke yake. Mtu aliyebeba maji kwa miezi mitatu haambiwi kwamba umeme wa Rufiji ni wa bei nafuu zaidi.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mahitaji ni kitu kisichohama na kwamba mitambo ndiyo lazima iyafuate. Si kweli, na hapa ndipo mtumishi wa umma mwenyewe anapoingia, kwa kuwa mahitaji pia hupangwa mahali. Reli ya kisasa ya umeme iliyoanza safari zake za Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024 ni mteja mkubwa aliyewekwa palepale njia zinapopita. Kila treni inayopanda kwenda Dodoma inatumia umeme wa Rufiji karibu na chimbuko lake. Kwa mantiki hiyohiyo, kiwanda kinachokula umeme mwingi, cha saruji, cha chuma au cha mbolea, kina sababu ya kuwekwa Chalinze au Morogoro kuliko kubanwa ndani ya jiji. Mkurugenzi wa halmashauri anayegawa viwanja vya viwanda bila ya kuwa na ramani ya vituo vya kupoza umeme juu ya meza anafanya kazi nusu. Na afisa elimu anayechagua mahali pa kujenga shule ya ufundi yenye mashine za kuchomelea na karakana aulize kwanza njia ya kilovolti 33 iko wapi, asije akajenga karakana ya kuhifadhia vumbi.

Mfano wa Songea unatosha kuonyesha kinachotokea njia inapofika. Kwa miaka mingi mji ule uliwashwa kwa majenereta ya dizeli, mafuta yakisafirishwa kwa malori kupanda milima. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika, na majenereta yakazimwa. Hakuna bwawa jipya lililojengwa kwa ajili ya Songea. Kilichojengwa ni kilometa zipatazo 250 za nguzo na vituo, kazi ambayo haina picha ya kupendeza gazetini kama ukuta wa zege unaotoa maji.

Na huenda hiyo ndiyo sababu njia hubaki nyuma ya mitambo kila mara. Bwawa lina siku ya uzinduzi, lina jiwe la msingi na jina. Njia ya umeme ina mkuza, ina hesabu ya fidia, ina kesi za mipaka, na mafundi wanaolala porini miezi mingi bila ya kutembelewa na mtu. Hotuba ya bajeti ya nishati ikisomwa, makofi hupigwa kwenye megawati. Tunawaomba waheshimiwa wabunge wa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, na wa Singida pia, wasubiri makofi hayo yaishe, kisha waulize mambo matatu: kilometa ngapi za kilovolti 400 zimewashwa mwaka huo kwenda kaskazini; fidia ya wananchi waliopisha nguzo imelipwa kwa kiasi gani; na upepo wa Singida, ambao umetajwa katika mipango kwa zaidi ya miaka kumi lakini hadi mwaka 2025 ulikuwa haujaingiza hata kilowati moja katika gridi, umekwama katika ofisi gani.